Limi Niliyemketisha na Wateja

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Ilikuwa saa nne asubuhi, msimu wa mpunga, magunia yamepangwa foleni kutoka kwenye mashine yangu ya kukoboa mpaka karibu na barabara ya Musoma. Nikaona gari jeupe linasimama ng'ambo, wanashuka wakaguzi wawili na mafaili kwapani.

Kabla sijasema neno, wafanyakazi wangu walishajua la kufanya. Walivua aproni, wakazitumbukiza nyuma ya magunia ya pumba, wakaenda kukaa kwenye benchi la wateja, kila mmoja na kifurushi cha mpunga mapajani. Mimi nikarukia mashine, nikaanza kumimina mpunga kana kwamba miaka yote nakoboa peke yangu. Tulilizoea zoezi lile. Muuza vocha wa pale kona ndiye aliyekuwa akitupigia simu mapema wageni wakionekana, ila siku hiyo sijui alikuwa wapi.

Wewe umefungua karakana yako ya samani kule Nyakato juzijuzi tu, na nasikia una mafundi wawili na dada wa kupokea oda. Hongera sana. Lakini mama yako, mdogo wangu, ameniambia kwamba watu wa mapato wakikuuliza hao ni nani, unajibu "hawa ni ndugu zangu tu, wananisaidia." Niliposikia hivyo raha yote iliniisha. Ndiyo maana nimekuita. Kaa, unisikilize mpaka mwisho, na hiyo simu iweke chini.

Enzi hizo nilikuwa bado na nguvu, na ujeuri mwingi kuliko akili. Marehemu mume wangu aliniachia ng'ombe, nikawauza, nikanunua mashine ya kukoboa mpunga pale Igoma. Niliajiri watu watatu. Masanja aliendesha mashine, mzee mmoja alibeba magunia, na Limi, binti wa kutoka Magu, alimimina mpunga na kupepeta. Limi alikuwa mchapakazi hasa, na mdomo wake haukuwa na breki. Wakaguzi wakija, yeye ndiye aliyeigiza kuliko wote. Anakaa pale benchi, anasonya, anamwambia afisa, "Huyu mama anatuchelewesha jamani, mimi nimeacha ugali motoni!" Wageni wakiondoka tunacheka mpaka machozi, na mimi namnunulia soda. Ndiyo, mwanangu, nilikuwa nampa zawadi kwa kusema uongo.

Nilikuwa naogopa nini? Pale Igoma sisi wenye mashine tulikuwa na maneno yetu. Ukimwandika mfanyakazi mmoja tu umekwisha. Watakutoza kodi kwa kila kichwa, kila mwezi wako mlangoni, mwisho wanapiga kufuli. Nani aliyasema? Hakuna aliyejua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda mjini, akaingia ofisini kwao, akauliza. Tuliulizana sisi kwa sisi, wote hatujui, na tulijibiana kwa uhakika kabisa.

Siku ile ya gari jeupe, afisa mmoja, mama wa makamo, alizunguka, akawatazama watu wa kwenye benchi, akanitazama na mimi nilivyolowa jasho. Akaniambia, "Mama, kama una wafanyakazi waandike tu. Faida yao ipo, na yako pia ipo." Nikamjibu kwa ukali kwamba ningekuwa nao ningesema. Akanipa karatasi, nikaweka sahihi kwamba sina mfanyakazi hata mmoja. Akawauliza na wale wa benchi majina yao. Limi akataja lake, na mbele ya jina pakaandikwa: mteja. Walipoondoka tulicheka, lakini kidogo. Sijui kwa nini.

Haikupita hata miezi miwili. Mkanda wa mashine ulikuwa na kizuizi cha bati cha kukinga mikono, nami nilikitoa kwa sababu kilituchelewesha kila tukitaka kubadilisha mkanda. Limi aliinama kuokota debe, mkono wa gauni lake ukashikwa. Sitakueleza yote. Masanja alizima mashine haraka, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakwenda. Nilimfunga kwa kanga yangu, tukaingia kwenye bajaji, na njia nzima nilikuwa nasema "Limi, niangalie, Limi, niangalie," naye hasemi kitu, yule mwenye mdomo usio na breki.

Hospitalini nesi akauliza, huyu ameumia wapi? Nikainama kuikaza ile kanga. Limi akafungua macho, akasema kwa sauti ndogo, "Kwenye mashine ya kukoboa. Mimi ni mteja tu, nilipeleka mpunga."

Loo, mwanangu! Mtu anavuja damu, vidole hana, na bado ananilinda mimi. Na unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nesi akaandika "mteja" na mimi nimesimama palepale, nikamwacha aandike. Hilo linaniuma kuliko mkanda, kuliko kizuizi, kuliko yote.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Simu ikilia nashtuka. Pikipiki ikisimama nje nachungulia dirishani. Nililipa gharama za hospitali, nilipeleka uji, lakini nikiingia wodini nakaa dakika tano natafuta sababu ya kuondoka. Mashine niliisimamisha. Nilijiambia, nikisema ukweli watanifungia, maana sahihi yangu ya uongo wanayo, na wanangu wanasoma. Nikinyamaza, Limi atarudi kwao Magu na mkono ule, na jembe atalishikaje? Niliyazungusha hayo kichwani usiku kucha.

Ndipo Mzee Bwire alipokuja kuchukua mchele wake. Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, Mkerewe, karani mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu ambaye shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kuja kuchukua pumba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mbona mashine imenyamaza. Nikaangua kilio, nikamweleza yote. Wala hakunipa pole. Alikaa juu ya gunia, akavua miwani.

"Ulikuwa unaogopa kodi gani?"

"Ya wafanyakazi, mzee."

"Ipi? Nitajie jina lake."

Sikuwa nalo jina. Akaniuliza nawalipa kiasi gani kwa mwezi, nikamwambia, akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto. Kodi ya mshahara hukatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi, mwajiri kazi yake ni kukata na kuipeleka, na mshahara usiofika kiwango cha kuanzia haukatwi kodi hiyo kabisa. Watu wangu wote watatu walikuwa chini ya kiwango hicho. Kuna na tozo ya kuendeleza ufundi, ila hiyo ilikuwa ya wenye wafanyakazi wengi kuliko mimi. Kilichonihusu ni michango miwili. Mmoja wa hifadhi ya jamii, ambao mwajiri anatoa na mfanyakazi anatoa, umsaidie uzeeni na akijifungua. Wa pili wa mfuko wa fidia, mdogo tu, anautoa mwajiri peke yake na mfanyakazi hakatwi hata senti. Huo ndio wa kumtibu aliyeumia kazini na kumlipa kwa kiungo alichopoteza.

"Umemficha mtoto wa watu ili ukwepe kodi ambayo hukuwa unadaiwa," aliniambia. "Na sasa unamnyima na fidia yake."

Kisha akauliza, tangu ajali ni siku ya ngapi? Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaona aibu, nikaficha mikono. Ya tano, nikasema. Mzee yule aliinuka kwenye gunia kama kaungua. "Ajali inaripotiwa ndani ya siku chache tu, mama! Unangoja nini hapa? Haki yake haifi kwa sababu wewe ulidanganya, lakini lazima mtu aende akaseme. Mchele wangu utanisubiri. Nenda sasa hivi!"

Nilikwenda. Kwenye benchi la ofisi ya mfuko wa fidia mjini nilikaa nimekumbatia mkoba kama mwizi. Jina langu lilipoitwa mara ya kwanza sikuinuka. Nilitoka, nikafika mpaka getini, watu wanapita na shughuli zao hakuna anayenijua. Nikajiambia, nikivuka geti hili sitarudi tena. Nikageuka. Nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikaingia, nikayasema yote kwa pumzi moja: nina wafanyakazi watatu, nimewaficha miaka minne, mmoja ameumia, na niliweka sahihi kwamba sina mtu.

Yule aliyekuwa mezani hakunipigia kelele. Alivuta fomu, akaanza kuuliza tarehe. Ila akasema karatasi za hospitali zinamtaja kama mteja, na hilo lazima lirekebishwe, na mgonjwa aseme kwa kinywa chake.

Kesho yake nikaenda na afisa huyo wodini. Alimsogelea Limi, akamuuliza kwa upole, "Dada, wewe na huyu mama mnahusiana vipi?" Limi aligeuza shingo, akanitazama usoni. Alikuwa anaomba ruhusa, mwanangu! Mkono ni wake, maumivu ni yake, na ukweli wake mwenyewe anauombea ruhusa kwangu. Nikamwambia, "Sema, Limi. Sema kama ilivyo." Akalia kwanza. Halafu akasema, "Mimi ni mfanyakazi wake. Mwaka wa nne huu." Na mimi nikalia, sikujali nani anatazama.

Sikufungiwa. Nilipigwa faini, nikatakiwa kutoa michango yote ya nyuma, nikaomba nilipe kidogo kidogo, wakanikubalia. Iliniuma, sikufichi, kwa muda mrefu nilikula dagaa mfululizo. Madai ya Limi yalichukua miezi, barua huku, vipimo kule, na kila siku niliogopa yatakataliwa kwa sababu ya sahihi yangu. Hayakukataliwa. Alilipwa, akarudi kazini, akawa anapima mchele kwenye mizani. Miaka ilipopita na yeye akajifungua, hifadhi ya jamii ilimlipa mafao yake ya uzazi, wala hakuja kunipigia magoti. Lakini mpaka leo tukikutana ananipa mkono wa kushoto, anasema, "Samahani mama, ni wa kushoto." Ananiomba samahani yeye. Hilo sijalizoea, na sidhani kama nitalizoea.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho asubuhi, kabla hujashika hata msumari, waandike watu wako wote. Wape mikataba. Waandikishe hifadhi ya jamii, ujisajili na mfuko wa fidia, na kodi ya mshahara uulize kama inawagusa. Usimuulize mwenye karakana ya jirani, anaogopa kama wewe. Nenda ukawaulize wenyewe ofisini, na urudi kuuliza kila mwaka bajeti ikishasomwa, maana viwango hubadilika, na haya ya kwangu ni ya siku zangu. Karatasi za mishahara zitunze. Ukishafika mahali pa kutengeneza mahesabu ya biashara, mishahara hiyo inahesabiwa kuwa gharama na inapunguza faida inayotozwa kodi. Sasa kama umesema huna watu, gharama hiyo utaionyesha wapi? Na kama umeshachelewa, usikae unatetemeka kama mimi. Nenda kabla hujafuatwa. Kizuizi cha msumeno kiache mahali pake, hata kama oda zimekubana. Na hilo neno la "ndugu zangu" uliache. Kama kweli ni ndugu zako, utawaandika.

Haya, nyanyuka, sogea hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu aibariki karakana yako, akupe wateja mpaka ukose pa kuwaweka. Mafundi wako watoke kila jioni na vidole vyao kumi. Na ikitokea mmoja ameumia, Mungu apishe mbali, akiulizwa yeye ni nani kwako, ajibu hapohapo, asigeuke kwanza kukutazama usoni.