Mjukuu wa Mtu Aliyeondoka Bila Kuaga

Kwa miaka mingi nililipwa mshahara kwa kuwaambia vijana kwamba mtu hujijenga mwenyewe kwa yale anayoyachagua. Niliyasema hayo chuoni, ukumbini, feni ikizunguka, nao wakayaandika kwa sababu mtihani ulikuwa njiani. Kisha nikarudi nyumbani Ipyana, nikapanda kakao kidogo, na dada yangu akaniita Busale alikoolewa, nikaseme maneno yaleyale bure.

Sababu ilikuwa binti yake. Alikuwa amepata mchumba kutoka Ngonga, kijana mrefu anayecheka upesi, na kwa upande wake mambo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni baba yake kukubali. Hakutaka kuhamia kwa mwanaume kimyakimya kama wengi wanavyofanya siku hizi. Alitaka baba yake akae mbele ya wageni, apokee ng'ombe, aseme ndiyo na watu wasikie. Kikwazo hakikuwa kijana. Kilikuwa babu wa kijana, marehemu wa siku nyingi.

Huku kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na jina haliji peke yake. Linakuja na mwendo wa mwenye jina, hasira zake, na namna yake ya kupiga chafya. Babu huyo, ambaye kijana alipewa jina lake, alijulikana kutoka milimani mpaka ziwani kwa jambo moja. Mpunga wake ukiwa umeiva shambani, aliamka alfajiri akaenda kwenye migodi ya kusini bila kumuaga mtu. Kuondoka kungesamehewa, maana wanaume wengi wa wakati ule waliondoka. Kutokuaga ndiko kulikomfanya akumbukwe. Sisi ni watu wa kuaga hata tukienda kununua chumvi.

"Mjomba, wewe umeyasomea haya," mpwa wangu aliniambia. "Waambie kwamba yeye si babu yake."

Nilimhakikishia kwamba hilo ni jambo dogo.

Kikao kilikaa sebuleni kwa shemeji yangu, mtu mkimya ambaye hata harusi yake mwenyewe aliipitisha kwa kutikisa kichwa. Aliyesema kwa niaba ya ukoo alikuwa dada yake, shangazi wa binti, mwenye sauti iliyokomaa kwa kuongoza kwaya. Alisoma mashtaka bila karatasi. Kijana aliendesha bodaboda, akaacha. Alichuuza samaki wa Matema, akaacha. Aliimba besi kanisani, akaacha wiki ya Pasaka, wimbo ukiwa umeshashonewa sare.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Jina linamtembeza."

Nikasimama. Nilisema kwamba jina ni sauti tu, na kwamba tabia hufanyika kidogo kidogo, kwa matendo ya kila siku ambayo mtu angeweza kuyatenda au kuyaacha. Nilitaja hiari, nikataja mazoea, nikatofautisha sababu na kisingizio. Wazee walikuwa wakiinamisha vichwa polepole. Nilidhani wanakubali, kumbe wawili kati yao walikuwa wamesinzia.

"Mwalimu," shangazi akaniuliza kwa upole, "wewe ulipewa jina la nani?"

"La babu mdogo."

"Yule mwinjilisti aliyekuwa akihubiri mpaka chakula cha msiba kinapoa?"

"Ndiye."

"Ndaga fijo. Tumekusikia."

Ndaga fijo ni asante sana, lakini ikisemwa namna ile ni mlango unaofungwa kwa heshima. Watu walicheka, na dada yangu wa tumbo moja akacheka kuliko wote. Nikajitetea kwamba ualimu niliuchagua mwenyewe, tena baba alitaka niwe bwana shamba. Nilieleza jambo hilo kwa kirefu. Sidhani kama urefu wake ulinisaidia.

Ndipo shemeji akafungua mdomo. "Mpunga wangu umeanza kutunga maziwa. Aje afukuze ndege mpaka tuvune. Baada ya hapo nitajibu."

Wazee waliipenda hukumu hiyo, kwa sababu zamani mchumba alilima kwa mkwe kabla ya kupewa mke. Lakini kulima ni rahisi. Ukilima unaona ulipofika. Anayefukuza ndege hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, kuanzia mapambazuko mpaka giza, akivuta kamba zenye makopo na kurusha udongo kwa kombeo, na jioni hakuna cha kumwonyesha mtu. Shamba linabaki kama lilivyokuwa asubuhi, na hayo ndiyo mafanikio. Ni kazi ya kutokuondoka.

Kijana akaja, akapanda dunguni. Busale nzima ikapata haja ya kupita njia ile. Shangazi, ambaye kanisa lake liko upande mwingine kabisa, alianza kwenda kanisani kwa kuzunguka.

"Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Haya. Siku hazijaisha."

Nami nilikwenda, ili nione hiari ikiwa kazini. Nilipanda dunguni nikiwa na kofia na chupa ya maji. Jua lilipofika utosini nilikumbuka kwamba nina kakao ya kugeuza nyumbani, jambo lisilongoja. Niliondoka kistaarabu. Nilimuaga kijana, nikamuaga shemeji aliyekuwa mtaroni, nikarudi kumuaga kijana tena kwa kuwa nilisahau kumpa salamu za wazazi wake. Wakati tunaagana, kundi la kwelea lilishuka kwenye kona ya chini likala kwa utulivu.

Kisha mvua zikazidi, na asubuhi moja shangazi akapita, akakuta dunguni hayupo yule aliyezoea kumwuliza. Hakungoja kuona zaidi. Kabla chai haijanywewa habari ilikuwa imenifikia Ipyana kwa simu.

"Ameondoka," dada yangu alisema. "Na hakumuaga mtu."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma mpwa wangu kwanza. Nilianza na hasira, kwa sababu kijana alikuwa ameniangushia nadharia.

Nilipofika mchana, wazee walikuwa wameshakaa, wana nyuso za watu wenye huzuni iliyowapendeza. Shangazi alikuwa akieleza jinsi alivyoliona jambo tangu kwenye miguu ya kijana, miguu mirefu ya safari. Binti akaingia akiwa na tope mpaka magotini, kombeo shingoni. Alipiga goti akasalimia kila mtu kama inavyotakiwa.

"Pole, mwanangu," shangazi akasema.

"Ya nini, shangazi?"

"Si ameondoka bila kuaga."

"Aliniaga mimi. Kwani anamwoa nani?"

Akaeleza. Mto ulikuwa umeingia nyumbani kwa mama wa kijana kule Ngonga, mama yuko juu ya meza na kuku wake. Kijana akampigia simu binti kabla hakujapambazuka, naye akamwambia aende, ndege atawafukuza yeye.

"Na baba yako? Angemwachia hata neno."

"Shangazi, angezunguka kuaga nyumba zote hizi, mama yake angekuwa ziwani."

Mzee mmoja akasema jaribio lilikuwa la kijana, si la binti. Mwingine akakumbuka kwamba binti huyu ana jina la bibi yake, ambaye naye hakuwahi kuacha shamba hata siku moja, kwa hiyo bado ni majina yanayofanya kazi. Niliinuka kusema kwamba hapa, kwa macho yetu, watu wawili wamechagua. Dada yangu akanivuta shati.

Shemeji akamwuliza binti yake: "Ndege wamekula?"

"Hawajala, baba. Ni kona ya chini tu, na hiyo waliila siku aliyokuja mjomba."

"Basi hakuna aliyeacha mpunga wangu," alisema. "Ngonga wamtume mshenga. Lakini kwanza watoe tope. Vijana wachukue majembe na sepetu, waende leo." Akamgeukia binti. "Na wewe nenda nao, kamsaidie mkweo."

Aliposema mkweo, dada yangu alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Shangazi alitukumbusha kwamba yule babu, ukweli usemwe, kila alikokwenda alirudi. Wazee wakakubali kwamba hata wao siku zote walilijua hilo.

Alasiri, nikielekea barabarani, nilimwona shemeji juu ya dungu akivuta kamba za makopo. Dada yake alimwita kutoka njiani, anataka wapange siku ya kupokea mshenga. Shemeji akavuta kamba tena. Alikuwa akiwatazama kwelea wakigeuka angani, hawajaamua watashuka wapi.