Shemeji wa Mtaa wa Mafundi

Nimefanya kazi ya mipango miji hapa Mbinga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Miaka ya karibuni mikutano yetu imekuwa ikirudia hoja moja: kwamba miji inayoendelea ni ile inayowavuta wataalamu kutoka nchi nyingine na kuwaweka mahali pamoja na wabunifu wenyeji, hadi maarifa yao yachanganyike. Ofisi yetu ilipotakiwa kuchagua eneo la namna hiyo, hatukuhangaika. Tulichagua mtaa wa mafundi wa kuchomelea nyuma ya soko, ambako wakulima wa Maguu huteremsha mashine zao za kumenya kahawa zinapoharibika.

Mtaa ule ulipata uhai kwa sababu ya mtu mmoja. Alitoka Malawi, ng'ambo ya ziwa, akaoa binti wa kijiji cha Ngumbo, upande wetu wa ziwa, kisha wawili hao wakapanda huku milimani kutafuta riziki. Ndiye aliyebuni namna ya kufunga injini ya pikipiki kuukuu kwenye mashine iliyokuwa ikizungushwa kwa mkono. Kwa kuwa alikuwa ameoa kwetu, mji mzima ulimwita shemeji. Sikuwahi kusikia mtu akimwita mgeni.

Mradi ulitambulishwa katika ukumbi wa parokia. Afisa wa uhamiaji alialikwa, maana wageni ndio walikuwa ajenda yenyewe. Mshauri aliyetoka jijini alipomaliza kueleza jinsi vipaji vya nje vinavyotafutwa, mwenyekiti wa mafundi, mzee mwenye utani mwingi, alinyanyuka.

"Mnahangaika kutafuta mbali! Sisi tunaye, tena tumemwozesha ili asitoroke. Shemeji, hebu simama wakuone!"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Simama, Mmalawi wetu!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. Akasimama kwa haya, akipangusa mikono kwenye suruali.

Afisa hakucheka. Alimuuliza kwa adabu kama ana kibali cha kuishi na kufanya kazi nchini.

"Kibali cha nini, mkuu?" mwenyekiti akadakia. "Huyu si shemeji yetu?"

"Ushemeji si kibali, mzee wangu."

Nilimsindikiza shemeji mara kadhaa ofisini kwa afisa yule. Sheria ilikuwa na nafasi ya mtaalamu mwenye cheti, na ya mwekezaji mwenye mtaji. Shemeji alifundishwa kazi na mjomba wake, na ndoa yake ilikuwa ya kimila, haijaandikishwa popote. Afisa hakuwa mkatili. Alivipitia vifungu tena na tena, akitafuta upenyo.

"Mama, wewe ni msomi," aliniambia mwishowe. "Nyinyi wenyewe mmeandika kwamba mnataka wageni wenye sifa. Nami sifa lazima nizione kwenye karatasi."

Upenyo haukupatikana; watu wa uhamiaji wakampeleka bandari ya Mbamba Bay kupanda chombo cha kuvuka kurudi Malawi, kabla kahawa haijaiva. Mkewe hakuweza kumfuata, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa kitandani Ngumbo na hakuwa na mtoto mwingine.

Msimu ulipofika, mafundi waliobaki walijitahidi. Injini walizofunga zilikwenda kasi mno, zikaponda kahawa badala ya kuimenya. Kahawa nyingine ilichachia kwenye magunia ikisubiri kumenywa, na harufu yake ilitufikia hadi ofisini. Wakulima wakarudia mashine za mkono, na mafundi wawili wakahamia Songea. Mwenyekiti hafanyi utani tena. Ukimwamkia, anaitikia huku ametazama chini.

Mradi ulipitishwa. Tukatangaza nafasi kwa wataalamu kutoka nje, na hadi leo hakuna aliyeomba.

Baadaye mkewe alikuja kwangu kutoka Ngumbo. Nilidhani anataka tujaribu tena habari ya kibali.

"Hapana, dada," alisema. "Nimekuja kuuliza kama naruhusiwa kuchukua mabati ya karakana ya mume wangu. Nyumba ya mama inavuja."

Nikamwambia anaruhusiwa. Alikuwa amekuja na nyundo yake, nami nikaenda kumshikilia ngazi.