Kimea Katika Nyumba ya Matanga

Mimi na mdogo wangu tuliolewa na ndugu wawili pale Igowole. Yeye alikufa mwaka ule wa sabini na kitu, wakati wa baridi, akaniachia mtoto ambaye hajaota jino.

Uji mzito mtoto aliutema. Mwepesi aliunywa, lakini mapaja yake yalizidi kulegea. Muuguzi wa zahanati akaniambia, "Mama, mpe uji mzito wenye sukari." Sukari ilikuwa imeadimika. Dukani walitikisa kichwa kabla hatujauliza.

Nikakumbuka togwa, kinywaji kitamu cha kimea, ya kwetu Mbalizi. Marehemu mama alikuwa akiotesha ulezi, akiukausha na kuusaga kuwa kimea. Kijiko kimoja cha kimea hicho kikikorogwa kwenye uji mzito, uji unalainika wenyewe na kuwa mtamu, bila kuongeza maji. Niliroweka ulezi, nikaufunga kwenye gunia bichi karibu na jiko. Kila nilipoamka nililifungua. Ukungu wa nje haukuondoka, mbegu zimelala tu. Niliogopa baridi ingeziozesha, na mtoto alikuwa ameacha hata kulia kwa nguvu.

Zilipoota, harufu ikanisaliti. Baba mkwe, mzee wa kanisa, hakuwa akiingia jikoni kwangu kwa heshima ya ukwe. Alisimama nje ya mlango.

"Mama, humo ndani kunanuka kimea."

"Ndiyo, baba."

"Kaburi halijakauka, unapika pombe?"

"Ni cha mtoto, baba."

"Mtoto naye ameanza kunywa!"

Wanawake waliokuja kwenye matanga wakacheka, kisha wakainamisha vichwa. Mama mkwe akasema, "Mwacheni. Kwao Mbalizi watoto hulewa ndipo walale."

Nikakifunika haraka. Wangeniamuru nikimwage, sikuwa na ulezi mwingine.

Jua halikutoka, nikakianika kwenye ungo mbali kidogo na moto, maana mama alisema moto mkali unakiua. Nikasaga. Nikapika uji mpaka mwiko ukasimama, nikauepua na kusubiri upoe kiasi cha kidole kuvumilia. Nikatia kimea, nikakoroga. Hakuna kilichobadilika. Nikakoroga tena, na mwiko ukaanza kuwa mwepesi, kisha ukaanguka upande. Nikaurudisha uji jikoni ukachemka kidogo, nikaupoza.

Mtoto alimeza kijiko cha kwanza kutoka kikombeni. Akafungua mdomo.

"Nipe kikombe hicho," baba mkwe alisema kutoka mlangoni. Mama mkwe akampelekea. Akanusa, akaonja.

"Sukari umeipata duka gani?"

"Hakuna sukari, baba."

"Usinidanganye, mama."

"Ni kimea tu."

Akaonja tena. Nikaona anainua kikombe juu zaidi, nikasahau ukwe. "Baba, usimalize! Ni cha mtoto."

Akakirudisha kwa mikono miwili. Kesho yake nilikuta kikapu cha ulezi mlangoni, ule baba mkwe aliouweka kwa ajili ya mbegu.

Sitasema ni kimea peke yake kilichomponya mtoto. Tuliomba pia, na muuguzi alikuja. Ila kila siku nilipokoroga niliogopa kwamba leo uji hautalainika. Hata sasa nikisikia harufu ya ulezi unaoota, moyo hunidunda kwanza, ndipo nikumbuke kwamba aliishi.