Kiti cha Langoni

Harufu ya mkaa ndani ya kibuyu cha mursik hunirudisha langoni petu, kando ya shamba la majani chai, mama akimngoja baba atoke kwenye mashindano ya mbio. Baba alikuwa akiyanywa maziwa lala hayo akiwa amesimama, jasho likimtiririka, kisha ananibeba mabegani hadi jikoni.

Siku moja alirudi ameshinda, lakini hakunibeba.

"Nileteeni kiti."

"Wewe? Kiti?" Mama akacheka.

"Kiti tu, mama watoto."

Nilikimbia nikakileta. Alikaa, akamrudishia mama kibuyu kikiwa bado kimejaa. Hakuinuka tena.

Leo binti yangu anarudi kutoka mbioni. Mama amesimama langoni na kibuyu.

"Hata akiomba kiti," ananiambia, "usimletee."