Watoto Saba Nyuma ya Kufuli

Mama Heriel ana kichwa kigumu, nami nasema hivyo kwa sababu nampenda. Jina lake ni Celina, mtu wa Rombo, na kwa miaka tisa amelea watoto wa watu katika vyumba viwili vya nyumba yetu ya kupanga hapa Ilala. Mama zao wanauza viatu vya mitumba Mchikichini, wengine wamo kwenye maduka ya jumla Kariakoo. Wanawaleta alfajiri wakiwa bado na usingizi, na Mama Heriel hajui kumwambia mzazi kwamba nafasi zimejaa. Hilo ndilo tatizo lake lote.

Mwaka jana akaambiwa asajili kituo au afunge. Alisoma kozi ya malezi miezi mitatu, akapima afya, akanunua mtungi wa kuzimia moto, akatoboa ukuta kuweka mlango wa pili huku mwenye nyumba akinung'unika. Miezi minane ya kuhangaika! Mimi ningekata tamaa kwenye foleni ya kwanza. Hatimaye afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja mpole aitwaye Gaudens, akamwambia ukaguzi wa mwisho ni Alhamisi, ila vyumba vile vinatosha watoto kumi tu. Mama Heriel alikuwa na kumi na saba.

"Waambie wazazi hao saba wabaki nyumbani siku moja," nilimshauri.

"Nasreen, Alhamisi wanafungua marobota ya mitumba. Nani atabaki nyumbani? Nipe chumba chako mpaka huyo bwana aondoke, mdogo wangu."

Nikampa. Tena tulicheka, eti tunaibia mtihani uzeeni.

Tulikubaliana niwafiche wale saba chumbani kwangu, nikae nao mwenyewe. Alhamisi hiyo ikapita saa nne, ikapita saa tano, afisa haonekani. Watoto walikuwa wamekunywa uji wakalala mkekani. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa na sare za watu zinazosubiri zipu, nikaona nikimbie Kariakoo mara moja, dakika ishirini tu. Sasa, aliyeishi nyumba ya kupanga anajua: hutoki chumbani bila kubana kufuli, hata ukienda chooni. Mkono wangu ulibana kufuli kwa mazoea, nami nikaondoka na ufunguo kwenye mkoba. Namwomba Mungu anisamehe, maana mimi bado sijajisamehe.

Zipu zilichukua saa nzima. Niliporudi korido ilikuwa imejaa majirani, na mlango wangu umevunjwa.

Walinieleza wote kwa pamoja. Gaudens alikuwa amefika, amekagua choo, mtungi na mlango wa pili, na ameridhika. Ndipo mtoto mmoja akaanza kulia chumbani kwangu, na wengine wakafuata. Mama Heriel alikimbilia mlango, akakuta kufuli. Alinipigia simu mara kumi na nne, na kelele za Kariakoo zilivyo, sikuisikia hata mara moja. Dirisha langu lina nondo kama madirisha yote ya huku. Mwishowe afisa mwenyewe ndiye aliyevunja mlango.

Watoto wote saba walikuwa wazima, ila wamelowa jasho. Nice, wa miaka miwili, alikuwa ametapika, na mtu alikuwa akimpepea kwa kanga. Gaudens alimgeukia Mama Heriel.

"Mama, kwa idadi ningekupa muda upunguze," alisema. "Lakini kufuli? Ungetokea moto humu ingekuwaje? Nani kawafungia?"

Mama Heriel alinitazama. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, mfuko wa zipu mkononi. Niliwaza polisi. Niliwaza mama zao.

"Ni mimi," akasema Mama Heriel. "Watoto ni wa kwangu, nimewafungia mimi."

Afisa akaandika. Nilimwacha aandike mpaka mwisho, akasaini, akamwambia kituo kimefungwa kuanzia siku ile na kibali asitegemee tena.

Jioni, wazazi walipokwisha kuwachukua watoto wao, na wengine wakiwa wamemtukana, nilimfuata. Alikuwa anakunja mikeka. Nikamuuliza kwa nini alijitwisha kosa langu.

Hakuinua macho. "Nilisema ni mimi ili nawe upate nafasi ya kunikatalia, useme ni wewe," akanijibu. "Nikakusubiri."