Binti Nisiyemjua Jina

Miaka ya tisini, mto Ruvuma ulipofurika, wazee wa Mahurunga walisema kiama kimefika. Mimi niliyezoea kuwabishia sikuwa na la kubisha. Mpunga ulizama, mihogo ikaozea ardhini, na nyumba ya unyago alimowekwa binti yangu kufundwa na wali wenzake niliikuta imelala chini.

Nilifukua udongo kwa mikono mpaka jirani akanivuta.

"Inuka, dada. Kungwi aliondoka nao maji yakipanda. Wamekimbilia juu, sijui wapi."

Nikashika njia ya kijiji cha Ziwani, huko juu, kwa miguu. Kila walipojihifadhi watu nilimuulizia binti yangu kwa jina lake, wakasema hawamjui. Nilikasirika, nikadhani wananificha msiba. Kumbe jina lenyewe lilikuwa limeshaachwa. Kwetu mwali akiingia ndani hupewa jina jipya, na mama hulisikia siku ya kuwatoa nje. Siku hiyo ilikuwa bado. Namtafuta mtoto niliyemzaa mwenyewe, na anaitwaje sijui!

Ziwani nilimkuta kungwi shuleni, kasimama kwenye mlango wa darasa uliozibwa kwa khanga.

"Mwanangu yumo?"

"Wali hawaulizwi majina, mama. Wala hawaonwi."

"Nyumba imeangushwa na maji, wewe bado unalinda miiko?"

Akainamisha macho. "Sikuvuka maji nao wote," alisema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilipiga ukelele, nikaliita lile jina la utotoni tena na tena. Wali walikuwa wamefundishwa wasiitikie majina ya zamani, na siku namsindikiza nilimsisitizia binti yangu awe msikivu. Niliuchukia usikivu huo kwa moyo wangu wote. Nikaanguka pale mlangoni.

"Mwanangu!" nikalia. "Mwanangu wee!"

"Mama!" Waliitika wote kwa pamoja.

Khanga ikang'oka, wakanivamia. Wangu alikuwemo, amekonda, homa imempanda. Nilitaka kumnyakua niondoke zangu, lakini kila aliyenishika alikuwa akiniita mama, na kungwi mwenyewe alikuwa analia. Basi nikakaa sakafuni nikawakumbatia niliowaweza. Kufikia jioni, mama mmoja mmoja walikuja wakawachukua wa kwao; wengine hawakuwakuta.

Mmoja hakujiwa na mtu. Nilirudi nyumbani na mabinti wawili, na mama wa yule wa pili hatukumpata.