Upande wa Pili wa Nyandarua

Niliondoka Kalimoni kwa sababu ya ubishi. Nilikuwa nikifundisha ngumbaru jioni, na ubaoni nilichora milima ya Nyandarua kama paa la nyumba, upande huu sawasawa na ule. Cucu Nyambura, nyanya aliyekuwa bado anahangaika na herufi za jina lake, akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo mlima haiko hivyo. Huku kwetu inapanda pole pole. Huko ng'ambo inakatika."

"Ulifika huko lini, cucu?"

"Nikiwa msichana. Tulikuwa tunapelekea Wamaasai vibuyu na unga, tunarudi na ngozi."

Darasa likacheka, na sikujua wanamcheka nani. Kwa kiburi nikaapa kwamba nitakwenda kujionea, na akiwa amesema kweli nitampa chaki yangu mbele ya wote.

Thika, asubuhi ya kwanza ya likizo. Amri za wakoloni za hali ya hatari zilikuwa zimelegezwa, na kibali changu cha kusafiri kilikuwa mfukoni. Pale darajani mto Chania ulipita mpana, mwekundu kwa udongo. Basi likanifikisha Gatura, na mlinzi wa msitu, Njoroge, akakubali kunipeleka.

Siku ya kwanza ilikuwa ya migongo ya vilima. Ukimaliza mmoja unashuka mtoni, ng'ambo mwingine unakungoja, mrefu kuliko ule wa kwanza.

"Bado?" nikauliza.

"Mwalimu, hatujaanza," akasema Njoroge.

Siku ya pili tuliingia kwenye mianzi, minene hata jua lisipenye. Juu yake miti ikaisha, zikabaki nyasi za mafungu zenye umande ulioganda, na mimea ya ajabu iliyonizidi kimo. Sijaona mahali pazuri hivyo. Njoroge alinionyesha kijito akasema ndio ule mto Chania. Nikauruka bila kulowa viatu.

Adhuhuri ya siku ya tatu ardhi ikakatika. Siku mbili tulikuwa tumepanda, na hapo miguuni mwangu mteremko ulianguka mara moja hadi tambarare ya Kinangop, na mbali zaidi ziwa likimetameta. Nikaanza kucheka.

"Ni nini?" akauliza Njoroge.

"Kuna cucu mmoja Kalimoni amenishinda."

Njiani kurudi shetani hakuniacha. Nani mwingine angekwenda kuhakikisha? Ningesema nilizuiwa na ukungu, na heshima yangu ingebaki. Lakini kila mgongo nilioupanda tena kwa magoti yanayouma, nilimfikiria msichana aliyeupanda na mzigo wa unga mgongoni, na nikaona haya.

Kalimoni, jioni ya kwanza ya masomo. Nilifuta ubao, nikawaeleza wote nilichokiona, nikamkabidhi chaki. Cucu Nyambura hakujivuna. Alichora mstari mrefu ukipanda taratibu, mgongo baada ya mgongo, kisha akaushusha wima.

"Hapa juu ndipo tulikuwa tunatua mizigo," akasema.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake, nikinakili.